Elimu ya nyumbani Uingereza: rejista ina sababu, fomu ina walakini

Desemba 2024 mahakama ya London iliwafunga maisha baba na mama wa kambo wa msichana wa miaka 10 aliyeuawa katika mji wa Woking. Jaji hakuishia kwenye mateso. Alitaja pia kwamba mtoto huyo alitolewa shule kwa maelezo kuwa atasomeshwa nyumbani, akaonya juu ya hatari ya watoto wa hali hiyo kukosa wa kuwaangalia. Mwezi huohuo serikali ikapeleka muswada Bungeni: kila halmashauri iwe na rejista ya watoto wasio shuleni, na mtoto anayechunguzwa kwa kuhofiwa kudhurika asitolewe shule bila idhini ya halmashauri.

Hoja hii ina uzito. Shuleni kuna macho mengi, na mzazi katili huyakwepa kwa kufunga mlango. Isitoshe, tangu sheria ya mwaka 1944 mzazi wa England ameruhusiwa kumsomesha mtoto shuleni au kwa njia nyingine, na muswada ulipopelekwa, aliyezaa mtoto asimwandikishe shule kabisa hakuwa na anayelazimika kumwarifu. Idadi ya 111,700, waliotajwa kusoma nyumbani msimu wa vuli wa 2024, ni makadirio tu.

Lakini irudieni kesi yenyewe polepole. Machi 2023 walimu waliona alama ya kipigo mwilini mwa yule msichana. Hawakunyamaza, walipeleka taarifa ustawi wa jamii. Faili likafungwa baada ya siku chache. Mwezi uliofuata akatolewa shule, na Agosti akauawa. Familia hiyo haikuwa ngeni kwa maofisa: walikuwa na habari zake tangu mtoto hajazaliwa, na ni mahakama ya familia iliyoamua mwaka 2019 kwamba akaishi kwa baba. Jicho la mwalimu, ambalo tunaambiwa ndilo lililokosekana, lilikuwepo na lilifanya kazi yake. Waliopelekewa taarifa ndio walioilalia, na hao hao leo wanaongezewa daftari la kujaza. Wazazi wanaosomesha nyumbani wakiuliza kwa nini kosa la ofisi limegeuka tuhuma juu yao, wanajibiwa kana kwamba wana la kuficha.

Nina dada yangu wa hiari huko Leicester, mzaliwa wa Mombasa. Mwanawe ana kigugumizi. Darasani alichekwa mpaka akaacha kusema, ikawa kila asubuhi tumbo linamuuma. Mama alipomtoa shule hakuwa na falsafa yoyote ya malezi. Nilimkuta siku moja anakanda unga wa chapati huku kijana akipima maji: robo kikombe, na robo nyingine, inakuwa ngapi? Kijana alijibu taratibu, bila wa kumkatiza. Wazazi wa aina yake si wachache. Katika sababu ambazo halmashauri huandikiwa, afya ya akili ya mtoto iko miongoni mwa za juu.

Muswada ulitaka mzazi aeleze mtoto anafundishwa kwa muda gani na kila mzazi. Zile chapati ziandikwe saa ngapi? Na bibi anayemsomesha juzuu kwa simu kutoka Kisauni?

Ujerumani walishafunga mlango: huko shule ni lazima, na Januari 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya haikuona kosa katika kuwaondoa kwa muda watoto wa familia iliyokaidi. Uingereza haijafika huko, na sioni sababu ya kufika. Jina na anwani ya mtoto halmashauri iwe nazo. Idhini kwa mtoto anayechunguzwa naikubali bila kusita. Hesabu ya saa za jikoni ndiyo inayonishinda.

Nilimuuliza yule dada kama angekataa kujiandikisha. “Nikatae kwa nini? Waje,” akasema, “ila wakija wamlete na yule mtaalamu wa matamshi, mwanangu yuko foleni mwezi wa kumi na nne sasa.”