John au Hashcat? Spidi siyo kila kitu

Mtu akianza kujifunza kupima uimara wa pasiwedi swali la kwanza ni lilelile, nitumie John the Ripper au Hashcat, programu mbili za kuvunja pasiwedi, na jibu analopewa ni "Hashcat bana, ina spidi", mjadala umeisha. Mimi hapo huwa nabisha kidogo.

Spidi yenyewe haina ubishi. Hashcat inasukuma kazi kwenye GPU, zile kadi za wacheza gemu, na RTX 4090 moja tu inajaribu hashi (pasiwedi iliyogeuzwa kuwa msimbo usiorudishika) za NTLM, yaani za Windows, zaidi ya bilioni 280 kwa sekunde, kwa hiyo pasiwedi ya herufi nane hata uichanganye na namba na alama zote haimalizi siku. Sasa iletee bcrypt, aina ya hashi iliyotengenezwa makusudi iwe nzito kukokotoa. Kadi ileile, bcrypt ikiwekwa kiwango cha uzito cha 10 kama mifumo mingi ya wavuti inavyoweka, inapata majaribio elfu chache tu kwa sekunde, hapo ndo unajua spidi uliyokuwa unaringia nusu yake ilikuwa ni udhaifu wa kufuli na siyo ubora wa funguo zako.

John yeye ni mzee, yupo tangu 1996, na kwenye laptopu ya kawaida isiyo na kadi anafanya kazi bila kulalamika. Kinachonifurahisha ni ile modi yake ya single: anachukua jina la mtumiaji na jina kamili toka kwenye faili lenyewe la hashi anayageuzageuza, kwa hiyo mwajuma aliyeweka Mwajuma123 anadondoka mapema sana. Hashcat nayo siku hizi ina modi ya -a 9 inayofanana na hiyo ila vidokezo unamwandalia mwenyewe mstari kwa mstari. John pia anakisia aina ya hashi, ingawa NTLM tupu huwa anaiona ni LM, ile ya Windows za zamani, usimwamini sana.

Hashcat inarudi juu kwenye maski, yaani kuiambia kila nafasi ya pasiwedi ijaribu herufi au namba za aina gani. Ukishajua ofisi fulani watu wanaweka jina halafu mwaka, unaandika umbo hilo unaiachia.

Wote wawili wanategemea orodha ya maneno ya kujaribia, na watu wengi wanachukua rockyou, orodha ya pasiwedi halisi za watu iliyovuja 2009, maneno milioni 14 na ushee, imejaa kina jessica na michael, ya kwetu huku inabidi ujiongezee mwenyewe: majina ya mitaa, timu, watoto.

Hydra, programu nyingine ya kujaribu pasiwedi, naiacha, ile inagonga mlango wa mfumo ulio hewani na unaweza kufungia watu akaunti zao asubuhi ya kazi. Na zote bila ruhusa ya maandishi usiguse, Tanzania sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015.

Mimi naanza na John mchana, zilizobaki usiku nampa Hashcat, nikipata wa kuniazima mashine yenye kadi.