Nimelipia Skrini Inayojua Kusubiri

Sikuwa na tatizo lolote na skrini yangu ya zamani mpaka siku nilipoelezwa kwamba ninalo. Mpwa wangu, ambaye umri wake ni nusu ya wangu na ustadi wake wa kupanga matumizi ya fedha za wengine hauna kifani, alisimama nyuma ya kiti nikicheza gemu, akanyoosha kidole na kusema, "Mjomba, mbona picha inachanika?" Nikatazama. Kweli, kila nilipogeuka kwa kasi, mlango uliokuwa mbele yangu ulikatika kiunoni, nusu ya juu ikatangulia na nusu ya chini ikabaki nyuma kana kwamba imeghairi safari. Tangu dakika hiyo sikuona kitu kingine.

Nikafahamishwa kwamba skrini ya hezi 60 hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7, picha mpya iwe tayari au isiwe, ilhali kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha, hutoa fremu, yaani picha moja moja, kwa mwendo wake yenyewe: penye ukuta mtupu inakimbia, penye moshi na mvua inajikokota. Fremu mpya ikiingia wakati skrini iko katikati ya kujichora, ndipo unapopata mlango wa vipande viwili. Dawa ya zamani ilikuwa kuilazimisha kadi ingoje zamu ya skrini, lakini kadi ikichelewa hata kidogo hukosa zamu hiyo na kungoja inayofuata, hivyo mchezo unakwamakwama, na kitufe unachokibonyeza sasa kinaitikiwa baadaye. Dawa mpya imewabadilishia vyeo: sasa skrini ndiyo inayomngoja mwenzake. Yaani nilitoa fedha nyingi kununua kifaa ambacho sifa yake kuu ni subira, kazi ambayo humu ndani nimeifanya mimi miaka yote bila malipo.

Na subira hiyo haikuanza kwa bei ya huruma. Nvidia, watengenezaji wa kadi za grafiki, ilipoitangaza dawa hiyo kwa jina la G-Sync mwaka 2013, skrini ilihitaji kuwekewa ndani moduli maalumu ya kielektroniki, na aliyeilipia ni mnunuzi. Mwaka 2014 VESA, shirika linaloweka viwango vya skrini, ikaingiza subira ya aina hiyo, Adaptive-Sync, katika DisplayPort 1.2a, kiwango cha kuunganisha kompyuta na skrini, AMD, mshindani wa Nvidia, ikajenga FreeSync yake juu yake bila moduli yoyote, na mwaka 2019 Nvidia nayo ikaziruhusu kadi zake zishirikiane na skrini za namna hiyo. Skrini za kwanza za 4K, yaani zenye nukta nyingi zaidi za picha, zilizo na hezi 144 na moduli, zilizotoka mwaka 2018, ziliuzwa karibu dola 2,000, na ndani yake mlikuwa na feni. Feni, ndani ya skrini! Kazi yenyewe ni kusubiri, na bado inatoka jasho. Mimi nikanunua ya 4K isiyo na moduli, nikajiona mjanja.

Kwa mwezi mzima niliwakalisha wageni mbele yake, nikageukageuka ili waone jinsi mlango usivyokatika, nao wakatikisa vichwa kwa adabu. Kisha mpwa akarudi, akaingia kwenye menyu kwa kile kitufe kilichofichwa mgongoni mwa skrini, ambacho ukikisukuma kushoto kinaongeza mwanga na ukikisukuma kushoto kwa mara ya pili kinazima kila kitu, akanionyesha kwamba usawazishaji, yaani huo uwezo wa kusubiri, ulikuwa umezimwa tangu kiwandani na kompyuta ilikuwa bado inatuma hezi 60 zilezile. Mlango ulikuwa ukichanika mwezi mzima mbele ya mashahidi.

Tukauwasha. Sikatai, fremu zikiwa za kutosha picha inateleza hadi mtu unasahau deni. Tatizo ni kwamba 4K ina pikseli, zile nukta za picha, takribani milioni 8.3, mara nne ya zile za skrini ya 1080 nilizozizoea, na kadi yangu iliyokuwa ikikimbia kama swala sasa inapanda mlima na gunia mgongoni. Skrini nayo subira yake ina mipaka, kuanzia hezi 48 hadi 144. Fremu zikishuka chini ya 48, inalazimika kuonyesha fremu moja mara mbili ili irudi ndani ya mipaka hiyo, na ikiwa inauvuka mpaka huku na huko, sehemu zenye giza zinawaka na kufifia kama taa inayotaka kuungua. Mpwa akasema dawa ni kadi mpya. Nikatazama bei ya hiyo kadi, nikamwomba aende zake nyumbani.

Mke wangu akauliza, "Baba, si ulisema hii ndiyo ya mwisho?" Nikamjibu kwamba nilikuwa nazungumzia skrini.

Kwa sasa ninajibana. Nimepunguza vivuli, nikaondoa taswira zinazoakisiwa kwenye maji, na juzi nimefyeka nyasi zote. Nililipia pikseli milioni 8.3 ili nione kila jani, kisha nikayafuta majani. Kwenye kona nimeweka namba inayohesabu fremu, na siwezi kuacha kuitazama. Jana usiku adui alitokea nyuma ya kilima chenye upara, akatembea taratibu hadi mbele yangu na kunimaliza. Sikumwona. Nilikuwa nasoma 47.