Buni Maneno, Usibuni Sababu

Mtaje Idi Amin mbele ya watu wa rika langu hapa Malindi, uso utakaowajia si wa Amin. Ni wa Joseph Olita, Mkenya aliyemwigiza katika filamu ya Sharad Patel ya mwaka 1981. Sisi tuliiona kwa kanda za video zilizorudufiwa mpaka picha ikawa inanyesha mvua, sebuleni kwa jirani mwenye deki, kiingilio mkononi na mkeka chini. Olita alifanana na Amin kupita kiasi. Alijua kucheka ghafla na kukasirika ghafla. Halafu akala nyama ya mtu. Baada ya hapo nani angekuambia kitu? Mpaka leo wapo watu wazima na akili zao watakaokuapia barazani kwamba Amin alikula watu, na ukiwauliza wamejuaje, jibu ni moja: "Si tuliona?"

Habari ya kula watu haijapata kuthibitishwa. Linalojulikana ni kwamba kati ya Januari 1971 na Aprili 1979 waliuawa watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, kwamba askari kanzu wa State Research Bureau waliwatia watu kwenye buti za magari mchana kweupe wasionekane tena, na kwamba mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 wafunge virago. Hayo hayataki chumvi. Tena chumvi yenyewe ina madhara yake, maana ukishamfanya mtu zimwi huulizi tena nani alimkaribisha. Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuitambua serikali yake, na Israel ndiyo iliyokuwa ikiwafundisha wanajeshi wa Uganda. Zimwi halina wafadhili. Limetoka msituni, basi.

Hapo ndipo ninapogombana na filamu na tamthilia za historia, na naona wengi hugombana nazo pasipostahili. Mtu atakesha akilalamikia kilemba kilivyofungwa, au kwamba wakati ule hapakuwa na vikombe vya aina ile. Mimi sina neno na vikombe. Mtunzi hana budi kubuni mazungumzo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kinasa sauti chumbani kwa sultani. Hana budi kuwaunganisha watu watatu wakawa mmoja na kuibana miaka sita ikawa wiki. Abuni maneno apendavyo. Asichonacho ruhusa ni kubuni sababu: kwa nini watu walifanya walivyofanya, nani alinufaika, nani alisimama na nani. Akiigusa hiyo, ametunga historia nyingine, na yake ndiyo itakayobaki vichwani.

Chukua tamthilia za Kituruki, ambazo huku kwetu zimeingia mpaka jikoni. Diriliş: Ertuğrul ilirushwa misimu mitano, 2014 hadi 2019, na watoto wamekimbizana vichochoroni na panga za makuti kwa ajili yake. Wanachokijua wanahistoria kwa hakika kuhusu Ertuğrul hakijazi ukurasa: jina lake limo kwenye sarafu ya mwanawe Osman, mwanzilishi wa dola ya Kiosmani, na masimulizi mengine yaliandikwa zaidi ya karne moja baada ya yeye kufa. Kwa hiyo misimu yote mitano, karibu kila kitu, ni ubunifu. Halafu ipo ile nyingine ya Sultani Suleiman na mkewe Hürrem, ambayo mwaka 2012 Erdoğan aliikemea hadharani, akasema sultani yule alitumia miaka thelathini juu ya farasi, si katika jumba kama inavyoonyeshwa. Ile ya kwanza ikaonyeshwa na televisheni ya taifa, hii ya pili ikapigwa vita. Wanasiasa nao wanajua tamthilia ipi inawafaa.

Ninachokiona cha ajabu ni kwamba Waturuki walifika kweli mwambao huu, na kisa chenyewe kina kila kitu ambacho mtayarishaji angekiomba, lakini kwa kuwa hakijaigizwa hakuna anayekijua. Mnamo 1585 nahodha wa Kiosmani aitwaye Mir Ali Bey aliteremka kutoka Bahari ya Sham na chombo kimoja tu kilichokuwa hata hakiko imara. Miji ikampokea mmoja baada ya mwingine: Mogadishu, Barawa, Faza, Pate, Lamu, Mombasa. Walikuwa wamechoka na kodi na ubabe wa Wareno. Lamu akakamatwa Mreno mkubwa aliyekuwa amejihifadhi hapo. Ali Bey akaondoka na ngawira na ahadi ya kurudi. Wareno ndio waliotangulia: 1587 waliiteketeza Faza, wakaua watu, wakakata na minazi. Ali Bey alirudi mwishoni mwa 1588 na vyombo vitano, akajenga ngome Mombasa. Kutoka Goa, makao ya Wareno huko India, zikaja merikebu karibu ishirini. Na kama vile haitoshi, upande wa bara wa kivuko cha Mombasa walikuwa wamepiga kambi Wazimba, jeshi lililokuwa limepanda kutoka Zambezi likiua kila linapopita. Watu wa Mombasa walibanwa katikati, baharini mizinga na bara mikuki. Mji ukaanguka Machi 1589. Ali Bey akakamatwa, akapelekwa Goa kisha Lisbon, na huko akabatizwa. Mtawala wa Lamu alikatwa kichwa kule Pate, hadharani.

Na Malindi je? Malindi ilikuwa upande wa Wareno. Mwanzo hadi mwisho. Kapteni wao aliyekuwa hapa ndiye aliyepeleka habari Goa, na Ali Bey alipojaribu kuupiga mji huu usiku, mizinga ya hapa ndiyo iliyomfukuza. Miaka michache baadaye ukoo wa mashehe wa Malindi ukapewa kiti cha Mombasa, na Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593.

Sasa ipe kisa hiki kampuni ya Istanbul. Utapata upanga wa Uislamu dhidi ya msalaba, na Malindi itakuwa msaliti mwenye macho ya kupepesa. Ipe kampuni ya Lisbon, utapata shehe mpole, rafiki mwaminifu, muziki wa zumari. Na sisi wenyewe tukikiigiza leo, nina wasiwasi tutakuwa na mwambao mmoja ulioungana kumpinga mgeni, kwa sababu ndivyo tunavyopenda kujiona sikukuu za taifa zikifika. Sababu halisi haimo katika hata moja ya hizo. Shehe wa Malindi aliomba kibla kilekile kama mwenzake wa Mombasa. Alichokiogopa ni Mombasa, jirani mkubwa aliyekuwa na bandari nzuri kuliko yake na ambaye angeweza kummeza wakati wowote. Mreno alikuwa ukuta wake. Huo ni uamuzi wa kibiashara na kisiasa, na una uchungu wake, na ndio ambao ningelipa kiingilio kuuona.

Kisa cha rubani wa Vasco da Gama ni namna hiyohiyo. Ukienda pale kwenye mnara, msalaba wa mawe ulioko kwenye mwamba, huna bahati ukiondoka bila kuambiwa kwamba aliyemwongoza Gama hadi India alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Julfar. Maigizo ya televisheni nayo yameishika hiyo kwa mikono miwili. Wataalamu waliozichambua kazi za Ibn Majid wameikataa, na waandishi wa Kireno wa karne iliyofuata waliandika habari za rubani kutoka Gujarat. Habari ya Ibn Majid ilitoka kwa mwanahistoria wa Makka aliyeandika miaka mingi baadaye, naye akaongeza kwamba bingwa yule alifichua njia akiwa amelewa. Utaona kwa nini inapendeza kwenye skrini: mtu mkubwa, kosa kubwa, kikombe cha mvinyo. Kilichotokea Aprili 1498 kilikuwa mapatano. Gama alitaka rubani, shehe alitaka rafiki wa kumtishia Mombasa, na rubani alipochelewa Gama alimzuia merikebuni mtu wa karibu wa shehe mpaka akaletwa. Hakuna mlevi hapo. Kuna watu wawili wasioaminiana wanaohitajiana.

Niliwahi kukaa na ami mmoja, nahodha wa jahazi aliyestaafu, tukiangalia igizo la safari hiyo. Rubani wa kwenye filamu alikuwa amesimama gubetini, kanzu inapepea, mkono umenyooshwa kwenye nyota, zeze linalia. Ami hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama tanga.

"Mwezi gani hapo?" akauliza.

Nikamwambia mwisho wa Aprili.

"Basi kusi lishaanza. Hapo hata mimi nikiwa nimelala, chombo kinakwenda Bara Hindi chenyewe. Kurudi ndiko kunakotaka mtu. Walirudije?"

Walirudi vibaya. Kwenda waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, wakaiona Calicut tarehe 20 Mei. Kurudi Gama hakungoja kaskazi ishike. Aling'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba, akaingia hapa Januari 1499, karibu miezi mitatu baharini, ufizi wa watu umevimba kwa kiseyeye na kiasi cha watu thelathini wameshatupwa majini. Waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, moja ikachomwa moto huko mbele. Ami alitikisa kichwa, akasema hiyo ndiyo filamu. Nakubaliana naye kabisa, na najua haitatengenezwa, kwa sababu ndani yake shujaa ni upepo.

Za Hollywood sitakaa nazo sana. Out of Africa ilizoa Oscar saba, na Farah Aden, Msomali aliyeishi na Karen Blixen, yule mama Mdenishi mwenye kisa, miaka yote ile, akaigizwa na Malick Bowens wa Mali. Bowens ni mwigizaji mzuri, na pengine mtazamaji wa Chicago hakuona tofauti. Huku kwetu tunaoishi na Wasomali mlango kwa mlango tuliiona mara moja. Captain Phillips ni kali zaidi kama filamu. Meli ya Maersk Alabama ilikuwa njiani kuja Mombasa ilipotekwa na maharamia wa Kisomali Aprili 2009, kwa hiyo tuliiangalia kama habari ya nyumbani. Nje ya filamu baadhi ya mabaharia waliishtaki kampuni, wakidai nahodha alipuuza maonyo ya kukaa mbali na pwani ya Somalia. Kwenye filamu nahodha ni Tom Hanks. Ukishamweka Tom Hanks, kesi imekwisha.

Lakini kuwacheka Wamarekani ni rahisi mno. Tazama tunavyomshika Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza. Sanamu yake ipo hapa mjini, tunapiga nayo picha. Kisa chake kinajiigiza chenyewe: ngoma ya kifudu iliyowakusanya watu, kiapo cha mukushekushe, kuku mwenye vifaranga ambaye inasimuliwa alimpeleka mbele ya Champion, afisa wa serikali, kumwonyesha mama atafanya nini akinyang'anywa wanawe. Kukamatwa Oktoba 1913, kupelekwa Kisii, kutoroka na kurudi kwa miguu nchi nzima. Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kulipuliwa kwa baruti Agosti 1914. Nani asingependa kuiona?

Sasa uliza sababu. Waingereza waliwataka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba ya pwani. Mashamba hayo yalikosa watu kwa nini? Kwa sababu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Malindi hii iliyokuwa gofu ilifufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, ikawa ghala la mtama na simsim, na waliolima walikuwa watumwa. Watoro wao wengine walikimbilia bara, na wapo waliopokelewa na Wagiriama. Kwa hiyo kabla ya kumfikia Champion na kuku wake, kamera ingebidi ipite kwenye mashamba ya mababu wa watu ambao leo wanakaa viti vya mbele kwenye hafla. Iangalie picha yoyote ya zamani za Malindi tunayojitengenezea: minazi, kanga, halwa, mlango wa nakshi. Mtumwa hayumo.

Kuna kijana mmoja hapa anayeandika skripti ya filamu fupi ya Mekatilili. Ana kamera ya kukopa, ana wenzake, na anajua kuandika. Alinipa nisome. Kuku yumo, na maneno ambayo Mekatilili anamwambia Champion ni ya kijana mwenyewe, hayapo popote, na ni mazuri, nikamwambia asiyaguse. Nilichokuta hakimo ni mashamba, na wale wazee wa Kigiriama waliokula mshahara wa serikali wakawa wanaandikisha vijana na kukusanya kodi. Kwake yeye Wagiriama wote ni upande mmoja, Mzungu upande wa pili. Nikamwandikia pembeni: mzee wa serikali yuko wapi?

Alirudi baada ya muda, ameandika kurasa nne mpya. Mzee wa serikali yumo, ana njaa nyumbani, ana ugomvi wa zamani na ukoo mwingine, ana koti la khaki alilopewa na anaogopa kulivaa mbele ya mama yake. Kazi safi. Tatizo alilonalo sasa ni jingine: kila kijana anataka kuwa Wanje wa Mwadorikola, mwenzake Mekatilili, na hakuna hata mmoja anayekubali kuvaa lile koti. Aliyekaribia kukubali alikatazwa na babu yake, eti watu watasema ni wao. Bado anatafuta mtu.