Maumivu kuisha si kidonda kupona

Asante mwandishi, ila hapo uliposema mgonjwa wa vidonda vya tumbo akimeza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, na maumivu yakaisha basi amepona, naomba tusipaache hivyo. Mimi wiki ya kwanza tu nilijiona mzima, nakula hadi maharage. Wiki ya nne nikarudishwa kwenye kipimo cha kamera inayoingizwa tumboni, daktari akanigeuzia skrini: kingo zilizokuwa zimevimba zimelala, ngozi mpya nyekundu inaingia kutoka pembeni, lakini katikati bado kuna utando mweupe. Nikaambiwa nimalize wiki 8. Kidonda kikifunga kabisa unaona kovu, kwanza jekundu, baadaye jeupe.

Na jamani, kidonda cha tumboni kwenyewe, si kile cha mwanzo wa utumbo mwembamba, kikatwe kipande kidogo cha nyama kipimwe, maana hata saratani changa inaweza kuonekana kama inafunga kwa dawa hizi.

Halafu dawa hizi zinaweza kuwaficha bakteria wa H. pylori, wale wanaosababisha vidonda vya tumbo, wasionekane kwenye kipimo. Mama yangu mdogo alipimwa kinyesi huku anazimeza, jibu likatoka hana. Daktari akamsimamishia wiki 2, akarudia kipimo, wakaonekana.