Uhalifu Mmoja, Sheria Mbili: Vita vya Ndani Mbele ya Mahakama za Kimataifa

Chukua mji uliozingirwa. Barabara zimefungwa, malori ya chakula yamezuiwa, na waliomo ndani wanadhoofika kwa njaa ili mji usalimu amri. Kama jeshi lililouzingira limetoka nchi nyingine, Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ulilitaja tendo hilo kuwa uhalifu wa kivita tangu ulipopitishwa, Julai 17, 1998. Kama wanaouzingira ni wanajeshi wa nchi ileile, au waasi wa nchi ileile, mkataba huohuo ulikaa kimya kwa miaka 21. Ni Desemba 6, 2019 ndipo nchi wanachama zilipokubali, kwa pendekezo la Uswisi, kuliingiza kosa la kuwanyima raia chakula kama mbinu ya vita katika orodha ya vita vya ndani. Hata hapo, nchi mwanachama haibanwi na nyongeza hiyo mpaka iiridhie.

Njaa haimuulizi mtoto pasipoti ya aliyefunga barabara. Kwa nini basi sheria iulize? Wapo wanasheria wanaotaka mpaka kati ya vita vya ndani na vita vya mataifa ufutwe kabisa, na wapo wanaoulinda kwa sababu zinazostahili kusikilizwa. Nadhani kila upande unashika nusu ya haki.

Mpaka wenyewe ulichorwa na woga wa serikali. Kuelekea Mikataba ya Geneva ya 1949, inayowalinda wahanga wa vita, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitaka mikataba yote minne itumike pia katika vita visivyo vya kimataifa. Serikali nyingi zilikataa. Zilihofia kwamba kila kundi lenye bunduki lingejidai jeshi, na kila ofisa aliyetumwa kulizima angehojiwa na watu wa nje. Kilichopatikana ni Kifungu cha 3 kilichorudiwa katika mikataba yote minne: usimuue aliyeweka silaha chini, usitese, usichukue mateka, usimuue mtu kwa hukumu isiyotoka katika mahakama halali. Kifungu hicho kinamalizia kwa kuzituliza serikali: kukitumia hakubadili hadhi ya kisheria ya wanaopigana. Mwaka 1977 jaribio la pili lilifanyika. Rasimu ya Itifaki ya Pili ya Nyongeza, inayohusu vita vya ndani, ilikuwa na vifungu 47. Iliyopitishwa ilibaki na 28, na inavihusu tu vita kati ya serikali na waasi wanaoshikilia eneo. Hakuna mahali katika maandishi hayo paliposema kwamba anayeyakiuka atashtakiwa kama mhalifu wa kimataifa.

Kazi hiyo ilifanywa miaka ya 1990. Novemba 1994 Baraza la Usalama lilipounda mahakama ya Rwanda, iliyokuja kukaa Arusha, liliandika katika sheria yake kwamba ukiukaji wa Kifungu cha 3 na wa Itifaki ya Pili ni kosa ambalo mtu binafsi anaweza kufungwa kwalo. Kisha, Oktoba 2, 1995, kitengo cha rufaa cha mahakama ya Yugoslavia ya zamani, kikiongozwa na jaji Antonio Cassese, kikaamua katika kesi ya Duško Tadić, Mserbia wa Bosnia, kwamba unyama unaokatazwa katika vita vya mataifa hauwezi kukubalika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa uamuzi huo, mtu aliyetesa au kuua mateka katika vita vya ndani aliweza kujibu kama mhalifu wa kivita, hata kama mkataba haukuandika adhabu.

Wakosoaji walikuwa na hoja hapa, tena nzito. Ni kanuni kongwe ya haki kwamba mtu asiadhibiwe kwa kosa ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Je, majaji hawakutunga sheria baada ya tendo? Jibu lao lilikuwa kwamba mazoea ya mataifa yalikwishafika huko. Kwa mauaji na mateso nakubaliana nao bila kusita, maana hakuna kamanda aliyewahi kudhani kwamba kumchinja mfungwa ni halali. Kwa makosa ya kiufundi zaidi, kama matumizi ya aina fulani ya silaha, hoja ya wakosoaji ina uzito, na ni bora orodha iandikwe wazi kuliko kuachiwa jaji.

Arusha ilionyesha pia ugumu wa kuithibitisha sheria hiyo. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alipatikana na hatia Septemba 2, 1998 kwa mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu, ubakaji ukiwemo. Kwa mashtaka ya uhalifu wa kivita aliachiwa, kwa sababu majaji walitaka ushahidi kwamba alihusiana na jeshi au na juhudi za vita kwa namna ya pekee. Majaji wa rufaa walisema mwaka 2001 kwamba kipimo hicho kilikosewa. Ilibidi kungoja hadi Mei 26, 2003, katika rufaa ya Georges Rutaganda, mmoja wa viongozi wa wanamgambo wa Interahamwe, ndipo mahakama hiyo ikamtia mtu hatiani kwa uhalifu wa kivita kwa mara ya kwanza. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu mauaji.

Mkataba wa Roma ulizipanga orodha hizo mbili kwa maandishi, na ya vita vya ndani ni fupi. Kampala mwaka 2010 ilirefushwa kwa kuongezwa sumu, gesi na risasi zinazopanuka mwilini. Bado pengo moja kubwa limebaki: kushambulia shabaha ya kijeshi huku ukijua kwamba raia watakaokufa watazidi mno manufaa ya kijeshi. Katika vita vya mataifa, huo ni uhalifu wa kivita mbele ya ICC. Katika orodha ya vita vya ndani haumo. Rubani wa serikali anayebomoa mtaa mzima ili amuue kamanda mmoja wa waasi hapati kosa lenye jina hilo katika mkataba, ilhali miji mingi inabomolewa kwa njia hiyohiyo.

Mgawanyo huo pia unaila mahakama muda wake. Katika kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi aliyewatumia watoto chini ya miaka 15 kama askari huko Ituri, mashariki mwa Kongo, majaji waliothibitisha mashtaka Januari 2007 walisema vita hivyo vilikuwa vya kimataifa hadi Juni 2, 2003, kwa sababu ya majeshi ya Uganda yaliyokuwamo Ituri. Majaji waliomtia hatiani Machi 14, 2012 walisema vilikuwa vya ndani. Maisha ya mtoto mwenye bunduki begani hayakubadilika hata kidogo kwa mabishano hayo.

Mpaka hapa naonekana kuwaunga mkono wanaotaka mpaka ufutwe. Lakini sheria ya vita ina upande ambao wao huutaja kwa sauti ndogo: hukataza, na pia huruhusu. Wakati wa amani, polisi anaruhusiwa kuua pale tu ambapo hana njia nyingine ya kuokoa uhai. Katika vita, askari wa upande wa pili anaweza kupigwa risasi akiwa amelala, na raia watakaokufa kando yake huhesabiwa kwa mizani ya manufaa ya kijeshi. Ukiihamisha sheria ya vita vya mataifa yote kama ilivyo, utaikabidhi serikali ruhusa ya kuwatendea raia wake kama jeshi la adui, na kuwaweka kizuizini bila mashtaka mpaka vita viishe. Serikali katili ingeipokea zawadi hiyo kwa mikono miwili.

Ndiyo maana kizingiti cha kuita jambo vita kina maana. Uamuzi wa Tadić unadai mapigano ya muda mrefu na makundi yenye mpangilio. Ghasia na maandamano hayahesabiwi. Machafuko ya Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua watu zaidi ya 1,000, lakini ICC haikufungua shtaka la uhalifu wa kivita. Ilifungua la uhalifu dhidi ya ubinadamu, ambalo halihitaji vita. Kesi hizo zilianguka, za mwisho Aprili 2016, lakini msingi wake wa kisheria ulikuwa sahihi. Kuyaita machafuko yale vita kungekuwa kuwapa polisi leseni.

Kuna wanaodai kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu unaziba mapengo yote, hivyo orodha ya vita vya ndani haina haja ya kurefushwa. Ni kweli kwamba kosa la kuangamiza watu linajumuisha kuwanyima chakula. Lakini mwendesha mashtaka lazima athibitishe shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia, lenye sera nyuma yake. Shambulio moja la angani, hata likiua familia 40, huenda lisifike hapo.

Jambo linalonisumbua zaidi ni nafasi ya mpiganaji muasi. Askari wa vita vya mataifa akikamatwa huwa mfungwa wa vita. Haadhibiwi kwa kupigana tu, na vita vikiisha hurudishwa kwao. Muasi hana kinga hiyo. Hata akiwaheshimu raia na kuwalisha mateka wake, sheria ya nchi yake inaweza kumhukumu kwa uhaini sawasawa na aliyechoma vijiji. Tunamwambia atii sheria ambayo haimpi chochote akiitii. Sheria ya namna hii inamtegemea kamanda awe mwema kuliko hesabu zake.

Serikali hazitawapa waasi hadhi ya wafungwa wa vita, na sidhani zinakosea kabisa: kila mwenye bunduki angedai kinga. Njia iliyo wazi zaidi imo tayari katika Itifaki ya Pili, kifungu cha 6, kinachohimiza msamaha mpana kadiri iwezekanavyo vita vinapokwisha. Msamaha huo uwe wa kubeba silaha, usiwe wa ukatili. Mkataba wa Lomé wa Julai 1999 uliwasamehe wapiganaji wa Sierra Leone makosa yote. Mwaka 2004 Mahakama Maalumu ya nchi hiyo ikaamua kwamba msamaha ule hauzuii kesi za uhalifu wa kimataifa mbele yake. Colombia, katika makubaliano ya 2016, ilitenganisha mambo haya tangu mwanzo: uasi husamehewa, uhalifu wa kivita hupelekwa kwenye mahakama maalumu, na anayesema ukweli wote hupata adhabu nyepesi. Waathirika wengi wanaona adhabu hizo ni ndogo mno, na siwezi kuwalaumu. Hata hivyo kamanda anapewa sababu ya kutochoma kijiji kinachofuata.

Hofu kwamba mashtaka huua amani haina jibu moja. Hati ya kumkamata Charles Taylor, rais wa Liberia, ilitangazwa Juni 2003 akiwa Accra kwenye mazungumzo. Agosti alikuwa ameondoka madarakani na Liberia ikapata makubaliano. Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA wa Uganda, alitolewa hati Julai 2005, na mazungumzo ya Juba yakaisha bila yeye kutia saini. Taylor alikuwa amezingirwa kijeshi na kidiplomasia. Kony alikuwa na msitu wa kujificha. Hati peke yake haikuamua popote.

Kwa hiyo makatazo yawe mamoja na ruhusa zibaki mbili. Pengo la mashambulizi yanayozidi kiasi lizibwe kama lilivyozibwa la njaa. Lakini orodha ndefu haitasaidia iwapo kizimbani wataendelea kuonekana waasi zaidi. Uganda na Kongo zilipozipeleka zenyewe hali zao ICC, walioishia kuhukumiwa ni Lubanga, Katanga, Ntaganda na Ongwen, wote makamanda wa makundi yenye silaha. Askari wa serikali hakuna. Nchi inayofungua milango yake kwa wachunguzi hujua ni mlango upi ibaki imeufunga. Ali Kushayb, kiongozi wa wanamgambo waliopigana upande wa serikali ya Sudan, alitiwa hatiani Oktoba 2025 kwa sababu Baraza la Usalama liliipeleka Darfur mahakamani mwaka 2005 bila kungoja ridhaa ya Khartoum. Azimio lile linaihusu Darfur peke yake. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 vilianzia Khartoum na kufika Gezira, vikiwa na majeshi yaleyale yanayopigana Darfur, na huko ICC haina mamlaka.