Droma anawatafuta ndugu zake

Rafiki yangu wa Bukavu hataki kusikia habari za The New Jedi Order, mfululizo wa riwaya za Star Wars. Mimi naupenda mfululizo huo kuliko hata filamu za Star Wars zenyewe. Tumeubishania miaka mingi, na hoja zake si nyepesi.

Ni riwaya 19 za waandishi mbalimbali, zilizotoka kati ya 1999 na 2003. Wavamizi waitwao Yuuzhan Vong wanatoka nje ya galaksi. Mashine kwao ni haramu. Vyombo na silaha zao ni viumbe hai. Katika kitabu cha kwanza, cha R. A. Salvatore, wanauangusha mwezi juu ya sayari ya Sernpidal. Chewbacca, mwenzi wa miaka mingi wa Han Solo, yule rubani wa filamu za kwanza, anamwokoa Anakin, kitinda mimba wa Han, kisha yeye mwenyewe anabaki chini na kufa. Anakin anashika usukani, chombo kinapaa, na kwa muda mrefu Han hawezi kumsamehe mwanawe.

Hapo ndipo rafiki yangu anapokasirika. Anasema Star Wars ilimlea kwa matumaini, na hawa wakaigeuza matanga.

Namwelewa. Lakini mimi nilisoma vitabu hivi Goma, nakala za Kifaransa za yaya wangu, zingine hazina jalada. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye tukaamriwa kuhama, tukashika njia ya Sake. Kando ya barabara alisimama mama mmoja, godoro kichwani, akimuuliza kila anayepita kama ameona mtoto wa sweta ya njano. Tulimpita. Hatukuwa tumemwona.

Tuliporudi nilivisoma upya vitabu viwili vya James Luceno ambamo Han, aliyezama katika pombe na majonzi, anakutana na Droma. Droma si Jedi, shujaa mwenye nguvu za ajabu, wala rubani maarufu. Ni mtu ambaye vita vimewatawanya ndugu zake, naye anawatafuta, kambi hadi kambi, kwa kuuliza majina. Han anamfuata, na katika kuwatafuta watu wa mwenzake ndipo anapoanza kurudi kuwa mtu. Sijui filamu ya Star Wars hata moja iliyokaa na mkimbizi muda mrefu namna hiyo.

Rafiki yangu ana haki kuhusu urefu. Kalamu ikipita mkono hadi mkono, mhusika uliyemzoea anaongea kama mgeni. Na Vong, kwa vitabu vingi mno, ni watesaji tu wanaoabudu maumivu. Tabaka lao la wanyonge, lenye kiu ya kuishi tofauti, linapewa nafasi kwa kuchelewa. Sehemu za mateso huwa nazifunua haraka.

Ila hoja yake ya mwisho naikataa: kwamba 2014 Lucasfilm, kampuni inayotengeneza Star Wars, iliziweka riwaya hizi chini ya jina la Legends, nje ya historia rasmi, basi zimekufa. Filamu mpya zilihitaji nafasi, sawa. Lakini Thrawn, adui mmoja mwerevu aliyezaliwa katika riwaya ya Timothy Zahn ya 1991, walimrudisha wenyewe kwenye televisheni. Wangekuwa wanaona ni takataka, wasingerudi kuchota humo.

Juzi nimempa mtu wa boti vile vitabu viwili vya Droma ampelekee. Nimemwomba rafiki yangu aruke mapigano yote, asome za kambini tu, halafu anipigie.