Soksi Iliyonilaza Chali

Lau ningekuwa nimeangukiwa na gogo, au nimebeba jokofu peke yangu hadi ghorofa ya tatu, ningewasimulia wanaokuja kunijulia hali nikiwa nimeinua kichwa. Lakini mimi niliinama kuokota soksi, na kiuno kikakataa kunyooka.

Daktari alinionyesha mfano wa uti wa mgongo, akanihesabia pingili. Kumbe nilizaliwa nazo 33, ila tisa za mwisho ziliungana zamani na kustaafu kimyakimya, tano zikawa mfupa wa nyuma ya nyonga na nne zikawa kitokono, wala hazijawahi kunisaidia kuinama. Kazi imeachiwa zile 24, nazo hazikugawana mzigo kwa haki: saba za shingo hubeba kichwa tu, 12 za kifua zimeshikana na mbavu na hazisumbuki sana, ilhali tano za kiuno hubebeshwa wote waliotajwa. Twiga naye ana pingili saba za shingo kama mimi, na sijamsikia akilalamika.

Katikati ya pingili kuna diski za gegedu zenye kiini laini chenye maji, ambayo hukamuliwa kidogo kidogo mchana kutwa, kiasi kwamba mtu hulala akiwa mfupi kwa takriban sentimita moja kuliko alivyoamka. Mshahara wangu hukatwa mara moja kwa mwezi, lakini urefu hukatwa kila siku! Diski yangu moja, kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, imechomoza nje na kuugandamiza mzizi wa neva.

Kinachonikera zaidi ni uongo wa neva hiyo. Jeraha liko kiunoni, lakini maumivu yalipita pajani, yakashuka ubavuni mwa mguu na kuishia kwenye kidole gumba, nami kwa siku tatu nikauchua mguu usio na kosa lolote. Daktari anasema ubongo hupokea taarifa kupitia neva hiyo na kudhani imetoka kule inakohudumu, yaani mguuni. Hebu fikiria karani anayepokea malalamiko kila siku na hajawahi kuuliza yametoka wapi!

Tena ugwe mgongo wenyewe, ule mkanda wa neva unaopita ndani ya pingili kutoka kwenye ubongo, si mzembe, maana nikigusa sufuria ya moto huurudisha mkono wangu kabla ubongo haujapata habari. Kama una mamlaka ya kuamua bila kuomba ruhusa, kwa nini haukunizuia siku ile ya soksi? Nilipouliza, nikaambiwa kwamba ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kwamba chini ya hapo huning'inia fungu la neva liitwalo mkia wa farasi. Miaka yote hii nimetembea na mkia wa farasi mgongoni bila kujulishwa.

Nimekatazwa kulala kitandani mchana kutwa, nikaagizwa nitembeetembee, na kila nitakapookota kitu nikunje magoti. Leo basi nimeipigia magoti soksi ile mbele ya familia nzima, nikaishika, nikasimama taratibu huku nimeshikilia kiti, na nilipoitazama vizuri nikakuta ni ya mwanangu.